Kilio cha Kijana Ambaye Hajafa

TOKA KATUBA
Na Mzee Kapenda

 Jumapili jirani yangu alinitumia mtoto: "Papa anasema mupite, kuko kikao." Nikadhani ni mambo ya mpaka wa kiwanja. Nikavaa viatu. Kufika uani, viti vya plastiki vimepangwa duara, kina mama wako mkekani wameshika tama, wajomba wamekunja uso, anayesema anasema kwa sauti ya chini. Nikamwinamia jirani nikauliza: nani katutoka?

Hakuna aliyetutoka. Kijana wake mkubwa kaanguka mwaka wa kwanza wa udaktari.

Mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango wa jiko na karatasi ya matokeo mkononi. Umeme wa SNEL ulikuwa umekatika. Nikamulika karatasi kwa simu. Anatomia 12. Biolojia ya seli 11. Fizikia 7. Kemia ya jumla 5. Kemia ogania 4. Zote kati ya 20. Karatasi ile ilipitishwa mkono kwa mkono duara zima, kila mtu akitikisa kichwa, na nadhani wengi waliishika juu chini. Aliyewahi kukaa darasani angeuona ugonjwa mara moja. Kijana anayekariri mifupa yote ya mkono si mjinga wala si mvivu. Kuna shimo mahali pamoja, nalo lina jina: kemia.

Lakini nani alikuwa na haja ya kujua? Wazee walikuwa na tiba tayari. Mjomba wake, anayepitisha magari mpakani Kasumbalesa, akakohoa kikohozi cha mwenye pesa. "Miye niko na mutu mule ndani. Hii mapointi tutaipanga." Akatoa bahasha mfukoni, kwani alikuwa amekuja nayo, akaiweka kwenye kiti kitupu katikati ya duara. Shangazi mmoja hakupenda njia hiyo, akashauri chuo fulani cha binafsi ambako, alisema kwa fahari, hakuna anayeanguka. Sikucheka, ingawa nilitaka sana. Mwingine akasema kijana apelekwe Kolwezi akachimbe kobalti, wenzake wameshajenga. Jirani yangu akafuta uso kwa kitambaa. Karibu waanze kuchanga pesa ya sanduku.

Nikauliza kama kuna mtu amemuuliza mwenye matokeo. Kimya. Basi kijana akaombwa aseme, kwa namna ile ya kumpa mtuhumiwa nafasi baada ya hukumu.

"Papa, munipatie tu mwaka moya. Nataka nianze shimi tena, tangu ya sekondari."

Shimi ndiyo kemia. Wakacheka. Naandika nikiwa bado na hasira. Mtoto mkubwa, mwanafunzi wa chuo kikuu, anataka kurudi kwenye daftari la sekondari! Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu.

Mtu mmoja hakucheka: shangazi yake mdogo, muuguzi, aliyekaa pembeni mwa mkeka na sare bado mwilini kwa sababu ana zamu ya usiku. Huyu alianza na diploma ya A2 ya shule ya uuguzi, ITM, akafanya kazi miaka, akarudi chuo cha ISTM kuchukua A1 huku analea. Akamwuliza jambo ambalo duara zima la wanaume halikuwaza kuuliza: "Ulipotea wapi?" Kijana akajibu bila kufikiri: "Kwenye mole." Tangu wa tatu sekondari hajaelewa mole ni kitu gani. Akavuka wa nne nayo, akavuka wa tano, akafika Mtihani wa Serikali, ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, akachagua vizuri, akapita, akamwagiwa poda kichwani mtaa mzima ukipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipata poda hiyo kwenye koti. Diploma yake inasema bio-chimie, yaani biolojia na kemia. Bureti aliichora ubaoni na daftarini miaka yote hiyo. Ya kioo aliishika mara ya kwanza chuoni, mkono ukitetemeka, na wenzake waliosoma kwenye shule zenye maabara wameshamaliza.

Hilo ndilo linaloangusha watoto wetu mwaka wa kwanza, wala msiniletee habari ya wachawi. Tunawapa poda kwa kitu ambacho hawajafundishwa, kisha tunawapa kilio kitu hicho kinapojionyesha.

Na tena wazee wale wanazungumza kama bado tuko kwenye G1, mwaka wa kwanza wa mfumo wa zamani. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia mfumo wa LMD: mwaka ni kredi 60, somo ulilofaulu kredi zake ni zako, lililokushinda ni deni la kulipa. Nina maneno mengi mabaya juu ya LMD, nayaweka kwa wiki nyingine. Lakini hata yenyewe inajua kwamba 12 ya anatomia haifutwi na 4 ya kemia.

Wanaosema mlango wa udaktari ukikukataa mara moja umekukataa daima, wapite mbele ya hospitali yetu kubwa wasome jina. Jason Sendwe alikuwa asistanti wa tiba. Daktari hakuwa, maana enzi zake Wabelgiji walimfundisha Mkongo kuwa msaidizi tu, na tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru bila daktari Mkongo hata mmoja. Shirika la Afya Duniani likawachukua maasistanti, watu wazima wenye kazi, likawapeleka Ufaransa kumaliza masomo. Wakarudi kwenye benchi la shule, nao wakawa miongoni mwa madaktari wetu wa kwanza. Daktari Denis Mukwege naye alitoka bio-chimie huko Bukavu, akapita miaka miwili kwenye uhandisi Kinshasa kabla ya kuanza udaktari Burundi mwaka 1976. Nobel yake ya 2018 haikuulizia ile miaka miwili. Huko Marekani, aliyeharibu chuo anaweza kurudia masomo ya sayansi hata baada ya shahada, afanye mtihani wao wa MCAT, ndipo aombe. Kule wanaiita njia. Hapa Katuba wanashika mbavu.

Niliyasema haya yote, kwa sauti ambayo mke wangu anasema ilifika nyumbani. Mjomba akanijibu kwamba mimi ni mtu wa magazeti. Kikao kikaahirishwa, bahasha ikarudi mfukoni kwa muda, zikaja kreti mbili za bia ya Simba na michopo ya nusu mbuzi, kwa kuwa watu wamekaa sana na majonzi yanachosha.

Jumatatu shangazi muuguzi alinipa jina la mwalimu mstaafu wa kemia anayefundisha jioni mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, kwenye kibaraza chake, kwa chaki na mishumaa. Yeye huanza na mole. Nikamwendea, nikauliza bei: kwa mwezi mzima anataka chini ya kreti moja. Nikakimbia kumpa jirani habari njema. Akaweka mkono kiunoni, akatazama juu, akatazama chini.

"Mzee, mwezi huu ni mugumu. Kikao kimetumaliza."