Lori la Nitro na Chupa ya Jikoni



Wasomaji wetu watukufu, likizo ya Desemba iliyopita alitujia Mombasa mpwa wetu kutoka Gataka, Kajiado, na lori lake dogo la rimoti. Lori hilo haliendi kwa betri. Lina injini inayounguza mafuta ya nitro, ikinguruma na kutoa moshi mithili ya pikipiki. Kwao lilikwenda vyema. Huku kwetu lilikimbia dakika chache kwa kasi ya ajabu, moshi ukatoweka, likazimika. Pistoni ilikuwa imekwaruzika.

Fundi tuliyemwendea alitufahamisha sababu. Gataka iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ya pwani ni nzito. Skrubu ya kabureta iliyokazwa kwa hewa ya bara, ikiletwa pwani, huipa injini mafuta machache kuliko inavyohitaji. Na oili ya injini hii imo ndani ya mafuta yenyewe. Basi mafuta yakipungua, ulainisho hupungua na joto hupanda. Kijana alipaswa kuilegeza skrubu kwanza, kisha kuikaza kidogo kidogo, thumuni ya mzunguko kila mara, akiutazama moshi. Moshi mwembamba sharti uonekane gari linapokimbia. Ukikosekana, asifurahie kasi, asimamishe.

Baada ya mchezo, tangi lisiachwe na mafuta, kwani methanoli iliyomo huvuta unyevu wa hewa, na beringi hushika kutu. Injini itiwe matone ya oili kabla ya kuhifadhiwa. Na kichujio cha hewa, hasa kwa vumbi la Gataka, kisafishwe na kupakwa oili yake mara kwa mara.

Injini hununuliwa nyingine. Lililotutetemesha ni tulilolikuta jikoni jioni ile: mafuta yaliyobaki yamemiminwa katika chupa ya maji ya kunywa, na binti yetu wa miaka minne amekwisha kuishika. Alhamdulillahi, hakuwa ameifungua.

Methanoli ni sumu. Mwaka 2000, jijini Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Kwa mtoto mdogo, funda chache zatosha kuleta msiba. Aliyeinywa huenda asionyeshe dalili kwa saa nyingi; basi akimbizwe hospitali papo hapo, wala isingojwe atapike au alalamike. Tena ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani vyema.

Kwa hivyo, akina mama, mafuta haya yasiingie jikoni kabisa. Yabaki katika kopo lake lenye maandishi, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na moto. Akina baba, mkimnunulia kijana chombo hiki, jinunulieni pia wajibu wa kukaa naye: nyinyi ndio wa kumimina mafuta, nje ya nyumba, injini ikiwa imezimwa.

Hatukatazi mchezo. Kijana anayejifunza kusikiliza injini anajifunza subira na ufundi. Lakini kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu matano ya sheria yetu, na mtoto ni amana. Sisi wenyewe tulighafilika nyumbani mwetu, ndipo tukaona tuwanasihi.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.