Sola Yako Ina Laini Ndani: Uliza Inasema Nini

Ukisikia watu wakitaja intaneti ya vitu, pengine unawaza friji za matajiri zinazojiagizia maziwa. Lakini kama umewahi kuchukua sola ya kulipa mdogo mdogo yenye laini ndani, hiyo intaneti unayo nyumbani tayari, na unailipia kwa simu.

Mambo yenyewe ni hivi. Ndani ya lile boksi la betri kuna laini, kama hii iliyo kwenye simu yako. Ukilipa kwa paybill na kuandika namba ya akaunti, malipo yanafika kwenye kompyuta za kampuni iliyokuuzia. Kompyuta inatafuta hiyo akaunti ni ya boksi gani, kisha inalitumia ujumbe kupitia mtandao wa simu: fungua siku kadhaa. Boksi lina saa yake. Siku zikiisha bila ujumbe mwingine, linajizima. M-KOPA walianza kuuza sola za aina hii hapa Kenya mwaka 2012. Siku hizi hata mitungi ya gesi ina mita zinazofanya kazi vivyo hivyo.

Usichanganye na tokeni za stima. Kwa mita ya kawaida ya tokeni, wewe ndiye mjumbe: unapokea tarakimu 20 na kuzibonyeza mwenyewe. Sola yenye laini haikuhitaji wewe kufikisha ujumbe. Ndiyo maana ukilipa na taa zikabaki giza, mara nyingine pesa imeshafika, ila boksi liko mahali penye mtandao duni. Usilipe tena kwa haraka. Angalia meseji ya malipo, hakikisha namba ya akaunti ni sahihi, lisogeze boksi karibu na dirisha, kisha piga huduma kwa wateja.

Sisi tunapenda mpango huu. Umewezesha mtu wa kipato cha siku kwa siku kupata mwanga bila kwenda benki. Lakini tunasema wazi: kifaa kinachoweza kuzimwa na mtu aliye mbali si kama jiko ulilonunua dukani. Ni mkopo, na boksi lenyewe ndilo dhamana. Kabla hujakubali, uliza maswali matatu.

Kwanza, jumla ni ngapi? Shilingi 50 kwa siku inasikika kidogo. Chukua mfano: malipo ya kwanza 3,000, kisha 50 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni 21,250. Linganisha na bei ya kulipa taslimu, ndipo uamue.

Pili, nikikwama itakuwaje? Mvua ikikosa au mtoto akiugua, je, kifaa kinazima tu na kukusubiri, au kinachukuliwa? Na ile pesa uliyokwisha kulipa?

Tatu, kinaripoti nini? Laini inapokea na pia inatuma: hali ya betri, unavyotumia umeme, na malipo yako yanawekwa kwenye kumbukumbu. Rekodi nzuri inaweza kukusaidia kupata mkopo mwingine. Mbaya inaweza kukunyima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, na kuomba irekebishwe ikiwa si sahihi. Wengi wetu hatuitumii haki hiyo.

Wauzaji nao wana wajibu. Masharti yasiwe maandishi madogo ya Kizungu yanayosomwa mama akiwa ameshika kalamu. Yaelezwe kwa lugha anayoielewa, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Na ukiuziwa simu au sola ya mtumba, mwombe muuzaji ithibitisho kwamba deni limeisha. La sivyo, utalipa wewe halafu kifaa kizimwe kwa deni la mwenzako.