Sanaa Yetu Isingoje Jumba

Ndugu zangu wa Dodoma, kila tunapozungumza habari ya kuonyesha kazi za mikono ya vijana wetu, jibu tulipatalo ni lile lile: ngojeni kwanza lijengwe jumba. Jumba la sanaa ni jambo jema, wala hatulipingi. Lakini anayengoja jumba ndipo aonyeshe picha yake ni sawa na mkulima anayengoja ghala ndipo apande uwele.

Je, nani aliyetufundisha kwamba picha haina heshima mpaka itundikwe ndani ya nyumba yenye mlinzi mlangoni? Hiyo ni kasumba. Twendeni Kondoa tukatazame. Huko Kolo na milima iliyo jirani kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro ya watu na wanyama, na mwaka 2006 UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waliochora hawakuwa na jumba. Walikuwa na jiwe, rangi, na macho ya watu wao.

Wala tusiseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Kazi yake iliuzwa nje, huko Oysterbay, mbele ya wapita njia. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake hawakuiacha kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo jina la Tingatinga lajulikana Ulaya na Japani.

Basi na sisi tufanye letu. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na wageni wanazidi kuingia. Lakini mgeni aweza kulala Dodoma siku tatu, akala, akamaliza shughuli zake, akaondoka bila kuona kibuyu kimoja kilichonakshiwa na mkono wa Mgogo, wala chungu cha Mrangi. Na kijana achongaye kigoda kijijini humuuzia mchuuzi kwa bei ya kuni, mchuuzi akakiuza mjini kwa bei ya samani. Hapo ndipo penye hasara yetu.

Shauri letu ni dogo. Wasanii kumi wakutane, kila mmoja alete kazi tatu, zitimie thelathini. Wachague alasiri moja ya Jumamosi, katika bustani ya Nyerere Square au uwanja mwingine wa wazi ambako watu hupita kwa miguu. Wasichague masika, kwa maana mvua zetu huanza Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Wachague miezi ya kiangazi, lakini wakumbuke upepo na vumbi la Dodoma. Picha isiegemezwe tu juu ya kiti. Ifungwe kwa waya kwenye fremu za mbao, na miguu ya fremu izuiwe kwa mifuko ya mchanga. Kazi za karatasi zikae kivulini.

Kabla ya hayo yote, waende mapema kwa afisa utamaduni wa jiji waulize ni vibali gani vinavyotakiwa na uwanja utalipiwa kiasi gani. Kazi nzuri isije ikavunjwa saa kumi jioni kwa kukosa karatasi moja.

Kila kazi iandikwe jina la aliyeitengeneza, kijiji chake na bei yake. Jambo hili lisipuuzwe, kwa maana kazi isiyo na jina huwa mali ya yeyote aishikaye. Fedha ziwekwe na watu wawili waliochaguliwa na wote, na hesabu isomwe mbele ya wote jioni ile ile. Na akina mama wapiga muheme waalikwe, waje na ngoma zao. Lakini nao walipwe, wasipewe soda na shukrani tu.

Wapo watakaosema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kweli, lakini hata kizuri hakijiuzi kikiwa kimefichwa uvunguni. Wengine watasema kwamba siku moja haitoshi kuinua sanaa. Sisi twasema siku moja yatosha kuanza, na mwezi wa pili yake yatakuwa mazoea.

Mwaka 1962, alipoapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa kuwa aliona ukoloni ulikuwa umetufanya tuamini kwamba hatuna utamaduni wetu wenyewe. Wizara peke yake haiwezi kuitoa imani hiyo moyoni mwa mtu. Yatoka siku mtoto wa Chamwino aonapo jina la baba yake limeandikwa chini ya kigoda katikati ya jiji, na watu wamesimama kukitazama.

Mcheza kwao hutunzwa. Lakini sharti kwanza atoke uwanjani acheze.