Sanduku la Marehemu Mama

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake. Tumeletewa suali kutoka Mulot: dada wawili wenye asili ya pwani wameachiwa na marehemu mama yao bangili za manjano na mafurungu meupe. Mkubwa ataka bangili, mdogo aambiwa aridhike na mafurungu. Je, yafaa?

Twasema: msigawe kwa macho, kwani shaba nayo hung'aa. Tazameni muhuri ndani ya pambo: 916 ni dhahabu ya karati 22, 750 ni ya karati 18, na 925 ni fedha. Hata hivyo, muhuri huweza kughushiwa, na mapambo mengi ya kale hayana. Masonara wa zamani waliyeyusha reale za Maria Theresa, zenye mwaka 1780, wakafua mapambo ya fedha.

Basi nendeni nyote kwa sonara mwaminifu, apime madini na uzani mbele yenu. Zilipwe deni za marehemu, utekelezwe wasia, kisha kila mrithi apewe fungu lake. Atakaye bangili kupita fungu lake awafidie wenziwe kwa ridhaa.

Dada mkubwa, usitangulie kuchagua. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu na audumishe udugu wenu. Amin.