Anayenyang'anywa kokoro Kyela aonyeshwe zana mbadala

MVUVI asiye na mtumbwi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ana tatizo moja kubwa. Samaki wa maana wako mbele kidogo ya pale mkono wake unapofika.

Kuanzia mlango wa Mto Songwe, mpakani na Malawi, kupitia Itungi na Mwaya hadi Matema, ufuo wa Kyela ni tambarare ya mchanga, na maji ya karibu yana kina kifupi. Mtu akirusha mshipi wenye ndoano na nyungunyungu peke yake, chambo huanguka hatua chache kutoka miguuni pake, kwa sababu ni chepesi na upepo hukirudisha.

Akifunga chubwi ya risasi, mshipi hufika mbali, lakini chambo huzama moja kwa moja hadi chini. Pale penye mawe, kama upande wa Ikombe ambako milima ya Livingstone inaingia ziwani kwa mteremko mkali, ndoano hunasa na mshipi hukatika. Mwisho wa siku mvuvi amepoteza ndoano mbili, risasi moja, na kitoweo hana.

Ndipo mtu huyo anapochukua chandarua, au kujiunga na kundi la kuvuta kokoro. Si kwamba hajui kuwa ni kosa. Anajua. Lakini kokoro halihitaji mtumbwi wala mtaji wake, na jioni anarudi nyumbani na chochote.

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinapiga marufuku kokoro, pamoja na sumu na baruti. Sababu zake ni za msingi. Kokoro hukwangua ufuo wote, ambao ndio mazalia na malezi ya samaki wengi, na huondoka na vifaranga ambavyo vingekuja kuwa samaki wa kuuza baada ya miezi michache.

Hasara yake haiishii kwenye kitoweo. Huko Cape Maclear, upande wa Malawi wa ziwa hilihili, watafiti walihusisha kupungua kwa samaki wanaokula konokono karibu na ufuo na kuongezeka kwa kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo walibaki bila wa kuwala. Kwa hiyo anayekwangua ufuo anaweza kuwa anaharibu mfuko wake na afya ya watoto wake kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kukamata na kuchoma nyavu ni nusu tu ya kazi. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara huko Ziwa Victoria, nyavu haramu ziliteketezwa kwa wingi. Nusu ya pili, ambayo mara nyingi husahaulika, ni kumwonyesha aliyenyang'anywa zana atumie nini kesho yake asubuhi. Mtu mwenye njaa hawezi kulishwa marufuku.

Kwa mvuvi wa ufuoni, jibu mojawapo ni dogo na la bei nafuu: boya la kujaza maji.

Boya hili si uchawi. Katika nchi za Ulaya na Marekani, wavuvi wa mshipi wamelitumia kwa miaka mingi kurushia chambo chepesi mbali. La kiwandani ni kitufe cha plastiki angavu chenye kizibo. Mvuvi hufungua kizibo, huingiza maji kiasi anachotaka, hufunga, kisha hurusha.

Siri yake ni hii. Maji yaliyo ndani ya boya yana uzito kamili yanapokuwa hewani, hivyo yanalivuta boya mbali kama jiwe. Lakini boya likishatua ziwani, maji hayo hayaongezi uzito wowote, kwa kuwa maji hayazami ndani ya maji. Hewa kidogo iliyobaki ndani ndiyo inayolishikilia juu.

Chukua mfano wa chupa ndogo ya mililita 100. Ukiweka maji mililita 70, unarusha gramu 70 za maji, uzito unaotosha kupambana na upepo. Ikifika ziwani, mililita 30 za hewa zinaweza kubeba karibu gramu 30, ambazo zinatosha kwa plastiki ya chupa, ndoano na chambo. Mvuvi anakuwa amepata uzito wa kurushia bila kununua risasi, na chambo hakizami hadi kwenye mawe.

Swali la wengi litakuwa ni wapi boya hilo linapatikana. La kiwandani huuzwa zaidi na wafanyabiashara wa vifaa vya uvuvi wa burudani, na si bidhaa ya kawaida katika maduka ya nyavu na ndoano ya vijijini. Habari njema ni kwamba si lazima kulisubiri. Katika maziwa yetu wavuvi wamezoea kujitengenezea maboya ya nyavu kwa vipande vya ndala na chupa tupu, na hili nalo linatengenezeka vivyo hivyo.

Kinachohitajika ni chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha kinachobana vizuri. Chupa za dawa ya maji ya kunywa za watoto zinafaa, na ikiwa angavu ni bora zaidi, kwa sababu samaki hawaishtukii haraka katika maji maangavu. Ioshwe kwa sabuni kabla ya kutumika.

Hapa mkulima wa mpunga na kakao anapaswa kuwa makini. Chupa iliyokuwa na kiuatilifu isitumike kamwe, hata ikioshwa mara kumi. Sumu inayoua wadudu shambani inaua samaki pia, na maji hayohayo ndiyo yanayochotwa na familia.

Chupa ikishajazwa maji kwa kiasi cha robo tatu au pungufu kidogo, ijaribiwe kwanza ndani ya ndoo pamoja na ndoano na chambo chake. Ikizama, punguza maji. Ikielea juu mno, ongeza. Kipimo kizuri ni pale sehemu ndogo tu inapoonekana juu, ili samaki akigusa chambo, boya lionyeshe mara moja.

Mshipi mkuu ufungwe imara kwenye shingo ya chupa. Kutoka hapo ushuke uzi mwembamba zaidi wenye ndoano, usiozidi mita moja kwa anayejifunza. Uzi huo uwe dhaifu kuliko mshipi mkuu kwa makusudi. Ndoano ikinasa, utakatika uzi mdogo, na chupa itarudi mikononi mwa mwenyewe badala ya kubaki ziwani kama takataka.

Wala fimbo yenye kigurudumu cha kukunjia uzi si ya lazima. Mshipi unaweza kuzungushiwa kwenye chupa kubwa au kopo. Mvuvi hushika kopo kwa mkono mmoja, mdomo wake ukielekea ziwani, na kwa mkono wa pili huzungusha boya na kuliachia. Mshipi huchomoka wenyewe. Aliyezoea anaweza kufikisha mita 20 na zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba asisimame mtu yeyote karibu wala nyuma yake, kwa maana ndoano inayozunguka hewani haichagui jicho.

Faida nyingine ni usalama. Mvutaji wa kokoro hushinda ndani ya maji, akikabiliwa na kichocho, na karibu na milango ya mito kuna hatari ya mamba. Mwenye boya husimama nchi kavu. Aidha, kati ya Mei na Agosti, upepo wa mwera unapopiga kutoka kusini na mawimbi kuwa makubwa, halazimiki kuhatarisha maisha katika mtumbwi wa gogo. Hata ufuoni, kurusha dhidi ya mwera ni kazi ngumu, hivyo alfajiri kabla haujachacha ndio wakati mzuri.

Ni haki kusema pia kile ambacho boya haliwezi. Haliwezi kuvua usipa, dagaa ambao ndio uti wa mgongo wa biashara ya samaki katika ziwa hili. Haliwezi kujaza gunia. Siku nyingine mvuvi atarudi mikono mitupu. Ni zana ya kumpatia mkulima anayesubiri mavuno samaki wachache wakubwa, wawili wa kula na watatu wa kumuuzia mama lishe. Kwa kaya nyingi za mwambao, hiyo si faida ndogo.

Halafu ipo hatari ambayo lazima isemwe wazi. Zana nzuri ikitumika mahali pabaya huwa mbaya. Mbasa, samaki anayethaminiwa sana Nyasa, hupanda mitoni kutaga mayai wakati wa mvua. Katika mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mlango wa mto wakati huo ni njia ya uzazi. Anayesimama pale na kuvua mbasa wenye mayai anakula mbegu.

Historia ya ziwa hili inatoa funzo. Upande wa Malawi alikuwapo samaki aitwaye ntchila, aliyekuwa na soko kubwa, naye akipanda mitoni kutaga. Alivuliwa kwa nyavu kwenye milango ya mito wakati wa kupanda, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Haikuhitaji zaidi ya kizazi kimoja cha wavuvi kuumaliza.

Kwa hiyo wanaovua kwa mshipi wajiwekee utaratibu. Milango ya mito iachwe wakati mbasa wanapanda. Ndoano ziwe kubwa kiasi cha kuwaepusha vifaranga, na samaki mdogo akinaswa arudishwe akiwa hai. Ndoano ina sifa ambayo chandarua hakina: humtoa samaki mmoja mmoja, na mvuvi ana nafasi ya kuchagua. Anayetaka kuuza samaki wake amwone kwanza ofisa uvuvi kuhusu leseni, asije akaondoka kwenye kosa moja na kuingia kwenye jingine.

Wahusika wengine nao wana sehemu yao. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela ina maofisa uvuvi, vijiji vina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vijulikanavyo kama BMU, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo Kyela. Si wilaya nyingi za mwambao zenye wataalamu wa uvuvi jirani kiasi hicho.

Kinachotakiwa ni jaribio dogo lisilohitaji fedha za wafadhili. Wachaguliwe wavuvi kumi kutoka fukwe nne, tuseme Itungi, Mwaya, Matema na Ikombe, ambao walikuwa wakitegemea kokoro au chandarua. Wafundishwe kutengeneza na kurusha boya la maji. Kwa miezi mitatu waandike kwenye daftari siku walizovua, idadi na aina ya samaki, na ndoano walizopoteza.

Mwishoni daftari hizo zisomwe mbele ya wavuvi wenyewe, si kufungiwa kabatini. Ikionekana zana hii inalipa, ienezwe. Ikionekana hailipi katika ufuo fulani, isemwe hivyo, na itafutwe nyingine. Mvuvi anaamini anachokiona kwa jirani yake kuliko anachoambiwa kwenye mkutano wa hadhara.

Wafanyabiashara wadogo nao wasibaki nyuma. Mwenye duka Kyela mjini au Matema anayeuza ndoano na mshipi anaweza kufunga pamoja mshipi, ndoano tano na chupa iliyokwisha kutobolewa mahesabu, yaani iliyowekewa alama ya kipimo cha maji, na kuuza kama seti moja. Mtaji wake ni mdogo, na mteja wake atarudi kila ndoano inapopotea. Mwenye uwezo wa kuagiza maboya ya kiwandani aanze na machache, apime soko kabla ya kujaza rafu.

Ziwa Nyasa ni kubwa na lenye kina cha takriban mita 700, lakini chini ya mita 200 na ushei maji yake hayana hewa ya kutosha samaki kuishi. Sehemu inayolisha watu ni ile ya juu na ya kandokando. Kandokando hiyo ndiyo inayokwanguliwa kila siku kwa kokoro na vyandarua.

Kumwambia mvuvi maskini aache kuikwangua ni sahihi, lakini asiachwe amesimama ufuoni mikono mitupu. Anayemnyang'anya kokoro leo amkabidhi mshipi, ndoano na boya, na amwonyeshe namna ya kuvirusha.