TAHARIRI: NANI ATAKUTUNZA UZEENI, NAYE ATALIPWA NINI?

Ndugu Wanachama,

Juzi tulikwenda kumzika mzee mmoja wa kazi yetu. Alikuwa mtu wa gengi la njia, na kwa miaka mingi alibadilisha mataruma katika jua na mvua. Alistaafu akarudi kwao. Miaka minne ya mwisho hakuweza kusimama, maana alipooza upande mmoja. Aliyemwosha, akamlisha na kumgeuza kitandani ni binti yake wa tatu, ambaye aliacha kibanda chake cha mboga mjini ili aje kumtunza. Ndugu zake wa kiume walipiga simu, na mara chache walituma shilingi elfu moja.

Siku tatu baada ya mazishi, binti yule aliulizwa atarudi mjini lini. Baba yake alikuwa amesema mbele ya wazee kwamba nyumba na kishamba cha mtoni ni vyake. Lakini alisema kwa mdomo tu, tena mwaka mzima kabla ya kufa.

Hatuandiki haya kwa kumsema marehemu. Twaandika kwa sababu wengi wetu tutafuata njia ile ile.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ambayo imetumika Kenya tangu mwezi wa Julai 1981, yakubali wasia wa mdomo. Lakini yataka usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na yataka aliyesema afe kabla ya miezi mitatu kupita. Akiishi mwezi wa nne, maneno yale hayana nguvu tena. Mzee wetu alisema maneno ya haki, kisha akaishi, na kwa kuishi kwake binti akakosa.

Mtu asipoacha wasia, sheria hugawa yenyewe. Mwenye mke mmoja na watoto, vyombo vya nyumbani huwa vya mke, na mali iliyobaki mke huitumia maisha yake yote, kisha huwaendea watoto sawasawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Mwenye wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba kwa hesabu ya watoto, na kila mke aliye hai huongezwa katika hesabu ya nyumba yake. Nyumba moja ikiwa na mama na watoto sita, na ya pili mama na watoto wawili, mtu asidhani ni nusu kwa nusu. Ni mafungu saba kwa matatu.

Kugawa sawasawa ni jambo jema, na sisi wa chama hatuwezi kulipinga. Lakini tulitazame vizuri. Sheria huhesabu watoto, haiulizi ni nani aliyekesha. Yule aliyemgeuza baba usiku kwa miaka minne na yule aliyefika siku ya kaburi, kila mmoja huhesabiwa mtoto mmoja. Kumlipa mlezi si jambo lililokatazwa. Ni jambo ambalo sheria imemwachia mwenye mali alifanye mwenyewe angali na akili zake.

Wengine husema, "Serikali itanitunza." Ni kweli Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Tena mwaka 2018 Serikali ilifungua malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70. Lakini malipo hayo hayakukusudiwa mwenye pensheni, na shilingi 2,000 haziwezi kumwajiri mtu wa kushinda na mgonjwa mchana na usiku. Bima ya afya hulipa hospitali. Haimlipi binti anayefua mashuka nyumbani. Kwa hiyo, ndugu, gharama ya uzee wa mfanya kazi hulipwa na mtu mmoja wa nyumba yake, mara nyingi mwanamke, naye hulipa kwa kuacha kazi yake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, andika wasia. Hakuna haja ya karatasi ya fahari. Andika ukiwa na akili timamu, utie sahihi au alama yako mbele ya mashahidi wawili wanaokuona, nao watie sahihi zao. Shahidi asiwe mtu unayempa kitu, wala mume au mke wake, la sivyo fungu lake laweza kupotea. Usimnyime mke au mtoto kabisa kwa hasira, maana korti yaweza kuwapa sehemu juu ya wasia wako. Lakini ukitaka aliyekutunza aongezewe, hapo ndipo mahali pa kuandika.

Pili, angalia jina uliloandika katika fomu ya pensheni. Fedha za pensheni ya kazini hazihesabiwi pamoja na mali ya marehemu. Wadhamini huzilipa kwa kufuata kanuni za mfuko, nao hutazama jina ulilowapa. Wengi wetu tuliandika jina la mama siku ya kuajiriwa. Mama amekufa, sisi tumeoa, tuna watoto, na fomu bado ni ile ile. Wasia mzuri hautengenezi fomu mbaya.

Tatu, wakalishe watoto ungali na nguvu. Wakubaliane nani atakaa nawe, wengine watamtolea kiasi gani kila mwezi, na iandikwe. Fedha hiyo isiitwe zawadi. Ni ujira wa kazi, na sisi watu wa chama twajua maana ya ujira.

Nne, usingoje akili ipotee. Mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi tena kufanya wasia, na hati ya uwakili aliyompa mtoto haimsaidii tena. Hapo jamaa hawana budi kwenda korti kuomba mtu wa kusimamia mali yake, na korti ni nauli na siku nyingi.

Ndugu zetu Waislamu wana sheria yao ya mirathi na Kadhi wao. Kwao wasia hauvuki theluthi moja, na mrithi haongezwi kwa wasia ila warithi wenzake wakiridhia. Hivyo mlezi na alipwe ujira wake, au apewe hiba, mzee angali hai.

Sasa twasema kosa letu. Miaka yote chama kimepigania mshahara, nyumba na saa za kazi, na tumemwacha mwanachama mlangoni siku ya kustaafu kana kwamba maisha yamekwisha hapo. Twataka mwajiri ampe kila mfanya kazi, kila mwaka, karatasi yenye majina aliyoandika katika pensheni, apate kuyasahihisha. Twataka pia anayemuuguza mzazi apewe siku za ruhusa bila kutishwa kazi. Na kila tawi, katika mkutano ujao, litenge nusu saa kwa jambo hili. Njoo na fomu yako. Asiyejua kusoma atasomewa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Binti wa mzee wetu amerudi mjini kutafuta mahali pa kuweka kibanda. Amezeeka miaka kumi katika miaka minne. Tawi limemchangia kidogo, lakini mchango wa chama hauwezi kuwa badala ya sahihi ya baba yake.

Sisi katika Umoja,
MHARIRI