Mashudu ya Nguruwe Yauzwe kwa Laisini

Muuzaji wa mashudu huulizwa maswali mawili tu: bei gani, na protini asilimia ngapi. Kwa mfugaji wa ng'ombe maswali hayo yanatosha kwa kiasi kikubwa, maana vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe humtengenezea sehemu kubwa ya anachohitaji. Nguruwe hana bahati hiyo. Na kwa kuwa chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote bandani, mfanyakazi wa mjini aliyeweka akiba yake kwenye nguruwe kumi anaweza kupoteza mtaji huku akiamini kwamba amenunua kwa bei nafuu.

Protini hujengwa na asidi amino, na kila moja ina kazi yake. Nguruwe anayelishwa mahindi na pumba hupungukiwa kwanza na laisini. Ikikosekana hiyo, asidi amino nyingine haziwezi kujenga nyama hata zikiwa tele; mwili huzivunja na naitrojeni yake hutoka kwa mkojo. Ile harufu kali ya amonia bandani kwa sehemu ni fedha ya mwenye nguruwe inayopeperuka.

Tufanye hesabu. Mashudu mazuri ya soya yana protini kama asilimia 45 na laisini kama asilimia 2.8. Mashudu ya alizeti, yatokayo kwa wingi Singida na Dodoma, hutofautiana sana kufuatana na maganda yaliyobaki, lakini tuchukue yale yenye protini asilimia 30. Laisini yake ni kama asilimia 1. Tuseme alizeti inauzwa nusu ya bei ya soya kwa kilo. Kwa protini, umepata theluthi mbili ya mali kwa nusu ya bei, na hapo utashangilia. Kwa laisini umepata theluthi moja na kidogo kwa nusu ile ile ya bei. Umepunjwa, na hatujagusa nyuzinyuzi ambazo nguruwe mdogo hazimudu. Kwa kigezo cha laisini pekee, alizeti ya namna hiyo isizidi asilimia 36 ya bei ya soya. Ina methionini ya kuridhisha, hilo nakiri, lakini methionini siyo inayopungua kwanza.

Soya nayo ina mitego yake. Isipopikwa vya kutosha huzuia mmeng'enyo; ikiungua, laisini huharibika, ingawa asilimia ya protini hubaki pale pale kwenye karatasi. Kipimo cha kawaida cha maabara hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, basi. Hakijui naitrojeni imetoka wapi. Mwaka 2008 China iligundua maziwa yaliyotiwa melamini kwa sababu hiyo hiyo: kupandisha protini ya kwenye karatasi. Udanganyifu wa mchanga kwenye dagaa ni wa kitoto ukilinganisha na huo.

Maoni yangu ni kwamba wauzaji wakubwa waandike laisini kwenye gunia, na wanunuzi wadogo wachangiane gharama ya kupima shehena moja kabla ya kugawana. Pia waache kununua mchanganyiko mmoja kwa banda zima. Nguruwe wa kilo 25 hadi 50 anahitaji chakula chenye laisini karibu asilimia 1. Akipita kilo 100, asilimia 0.6 au zaidi kidogo inamtosha. Kumlisha huyu mkubwa dagaa ni kutupa fedha mara mbili, maana nyama yake itanuka samaki na mwenye baa ataikataa.

Kuna pia laisini ya unga ya viwandani. Kanuni ya zamani ya Wamarekani inasema kilo 3 za unga huo na kilo 97 za mahindi hushika nafasi ya kilo 100 za mashudu ya soya. Usizidishe hapo, kwani threonini na triptofani zitaanza kupungua. Wakubwa wa dunia wanaijua thamani yake: mwaka 1996 kampuni ya Archer Daniels Midland ya Marekani ilikiri kula njama ya kupanga bei za laisini na asidi sitriki, ikatozwa faini ya dola milioni 100. Unga huo ukifika dukani kwako, linganisha bei yake na soya kwa kilo ya laisini, ukikumbuka kwamba laisini yenyewe ni kama asilimia 78 tu ya uzito wake.